Sanduku la Baba: shajara ya mradi

Wiki ya 1, Jumamosi

Sanduku limefunguliwa. Ni la bati, la kijani, kufuli lake lilishakufa kwa kutu na kaka amelivunja kwa bisibisi. Vilivyomo, kwa mpangilio tulivyovitoa: Biblia moja ya jalada la ngozi, madaftari 3 ya mfukoni, kaseti 9, slaidi 64 za filamu ndani ya kikasha cha plastiki, albamu ya picha, stethoskopu ambayo mpira wake umekauka ukapasuka, nishani 2 ndani ya soksi, na kitambaa cheupe cha kufunga mkononi chenye msalaba uliokuwa mwekundu zamani. Mama alikichukua kile kitambaa, akakikunja upya, akakirudisha alipokitoa. Hakusema kitu.

Lengo tuliloliandika mezani: kuvipiga picha na kuvirekodi vyote kabla havijaoza, kisha kuandika kitabu kidogo cha kumbukumbu kwa ajili ya wajukuu, kurasa 60 hivi. Kaka anasema miezi mitatu inatosha. Naandika hapa "miezi mitatu" ili tuje tucheke baadaye.

Kuna jambo ni afadhali nilitangulize. Baba alikuwa daktari wa jeshi kwa miaka 26 na mzee wa kanisa kwa karibu muda huohuo. La kanisa tulilisikia kila siku, la jeshi hatukulisikia kabisa. Tulizijua zaburi zake kwa namba, ila hatukujua hata kama aliwahi kumkata mtu mguu. Kwa hiyo tukisema kweli, nia ya mradi huu si kuhifadhi tu. Tunachungulia.

Kuhusu kushika vitu: glavu nyeupe za pamba, zile za kwenye picha za makumbusho, hazifai kwa karatasi. Vidole hupoteza hisia na ukurasa unachanika. Mikono iliyooshwa na kukaushwa inatosha. Nishani nazo hazisuguliwi kwa dawa ya kung'arishia, maana kila msuguo huondoka na chembe za chuma chenyewe. Dada alikuwa ameshaanza moja. Nilipomzuia akanuna kidogo: "Mdogo wangu, Baba mwenyewe alizing'arisha." Ni kweli. Alizing'arisha mara moja kwa mwaka, kabla ya ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, na jioni yake zilirudi kwenye soksi.

Wiki ya 2

Tumeanza na Biblia. Skana ya kioo imeshindwa siku ya kwanza, kwa sababu kuilaza Biblia hadi ifunguke bapa ni kuuvunja mgongo wake, na gundi imebaki kwa huruma tu. Nimekata sponji mbili mshazari zikawa kama mto wa pembe mbili, kitabu kinalala nusu wazi, kamera iko juu kwenye stendi. Karatasi ni nyembamba kiasi kwamba maneno ya upande wa pili yanaonekana kama mtu amesimama nyuma ya pazia. Dawa yake ni rahisi: weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga picha. Nyeusi humeza mwanga ambao ungerudi ukiwa umebeba herufi za upande ule.

Maandishi ya Baba ya pembeni ni ya penseli, na mengine yamefutika hadi yamebaki makovu. Nimezima taa ya juu nikaweka moja ubavuni, chini kabisa. Mwanga ukipita kwa mlalo, mfereji uliochimbwa na ncha ya penseli hutupa kivuli, na herufi zinarudi.

Faili kuu ni TIFF, aina ya faili inayoitunza picha nzima, nakala za kugawana ni JPEG. JPEG hupunguza taarifa ili faili iwe ndogo, na ukiifungua na kuihifadhi tena na tena inazidi kupungua. Kwa hiyo faili kuu haiguswi. Kasi yetu ni kurasa 90 kwa jioni nikiwa na mtu wa kunifunulia, na 40 nikiwa peke yangu. Kurasa zenye maandishi yake ni 318.

Aliyechorwa mistari kuliko wote ni Luka, ambaye Paulo, anapowaandikia Wakolosai, anamtaja kuwa tabibu. Baba alimsoma kama mtu anayesoma faili lililoandikwa na daktari mwenzake. Kwa mfano, Marko anaposimulia habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, anasema wazi kwamba aliteswa na matabibu wengi, akamaliza mali yake yote, na hali ikazidi kuwa mbaya. Luka anasimulia habari hiyohiyo, lakini hasemi kwamba matabibu walimtesa wala kwamba hali ilizidi kuwa mbaya, anaishia kusema kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Pembeni ya Luka 8:43 Baba ameandika: "Luka anatutetea." Nimecheka peke yangu saa tano usiku. Sikujua kama Baba alikuwa na mzaha wa aina hiyo.

Ukurasa mwingine sikuucheka. Injili zote nne zinasema kwamba usiku Yesu alipokamatwa, mtumwa wa kuhani mkuu alikatwa sikio. Yohana peke yake anampa jina, Malko, na peke yake anasema upanga ulikuwa wa Petro. Luka peke yake anasema sikio liliponywa. Pembeni ya 22:51 kuna maneno matano, yameandikwa kama maelezo ya mgonjwa:

"Adui. Usiku. Hakuna vifaa. Akamponya."

Wiki ya 2, baadaye

Kuna alama nisizozielewa. Kwenye Zaburi peke yake nimehesabu zaidi ya 40: herufi mbilimbili kama za majina, na mara nyingine herufi moja yenye namba. "T 14:20" pembeni ya Zaburi 130. "M 3:05" pembeni ya Zaburi 121.

Nilidhani ni marejeo ya mistari mingine. T ingekuwa Tito, ila Tito ina sura 3 tu. Timotheo wa Kwanza ina 6, wa Pili ina 4. Hakuna sura ya 14. Lakini M 3:05 inakubali vizuri: Mithali 3:5, ule mstari wa kumtumaini Bwana kwa moyo wote na kutozitegemea akili zako mwenyewe, ambao Baba alitukaririsha kabla hatujajua kusoma. Nimeshaandika aya nzima ya kitabu juu ya hilo. Ni aya nzuri.

Wiki ya 3

Slaidi. Nimezifuta vumbi kwa kipulizio cha mkono, si kwa mdomo, maana pumzi ina mate. Nimeziskani kwa kiambatisho cha filamu, kwenye ubora wa juu kabisa ambao mashine yetu inaufikia bila kudanganya. Rangi zimehamia kwenye wekundu. Nimezirekebisha kwenye nakala tu.

Picha 11 zinamwonyesha Baba akiwa kazini. Kaka alizitazama akasema kuna kitu hakikai sawa usoni mwake. Tulikitafuta muda mrefu, mgawanyo wa nywele, kovu la nyusi, hatukukipata. Kilichotuokoa ni kile kitambaa cha msalaba: kwenye picha zote 11 kimefungwa mkono wa kulia. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, ule wa kuwalinda majeruhi vitani, ibara ya 40, unasema wahudumu wa tiba wa jeshi watavaa alama hiyo mkono wa kushoto. Baba hakuwa mtu wa kuvaa kitu upande usioandikwa. Niliziskani slaidi kinyume. Nimezigeuza na uso wake umerudi.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaufungua mkataba, nikaendelea kuusoma. Ibara ya 24 inawalinda madaktari na wahudumu wa jeshi wanaoshughulika na majeruhi na wagonjwa peke yake, na katika sentensi hiyohiyo inawataja makasisi wa jeshi. Ibara ya 28 inasema makundi hayo yakiangukia mikononi mwa adui hayahesabiwi kuwa wafungwa wa vita. Yanaweza kuzuiwa tu kadiri wafungwa wanavyohitaji tiba na huduma ya kiroho. Sasa naelewa utani wa zamani wa Baba na padre wa kikosi, aliyekuja kututembelea mara mbili tatu. Walipokuwa wakisalimiana, mmoja alisema "ishirini na nne," mwingine akajibu "ishirini na nne," wakacheka. Tulidhani ni namba ya chumba.

Kwenye picha namba 37 ana bastola kiunoni. Nimeipita haraka, kisha nikairudia. Mzee wa kanisa, daktari, bastola. Sheria inaruhusu: ibara ya 22 inasema kituo cha tiba hakipotezi ulinzi wake kwa sababu wahudumu wana silaha za kujilinda na kuwalinda wagonjwa wao. Sawa, sheria inaruhusu. Dada anasema tusiiweke kitabuni. Kaka anasema ndiyo iwe jalada.

Wiki ya 4

Hakuna kilichofanyika. Diski ya nje iligoma, nikapoteza kazi ya jioni mbili. Kuanzia sasa kuna nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja haikai ndani ya nyumba hii. Kanuni hii kila mtu anaijua na hakuna anayeifuata mpaka aumwe.

Wiki ya 5, Jumapili

Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa tiba chini ya Baba amekubali kuonana nami. Sitaandika jina lake, wala la kikosi, wala mahali walipokuwa. Ameomba hivyo, na nimeona ana haki.

Nilimwamkia, akanitazama usoni kwa muda. "Una paji la uso la Afande Daktari," akasema. Ndivyo alivyomwita muda wote, Afande Daktari, hata alipokuwa akimsema vibaya. Maana alimsema vibaya pia.

Nilimwonyesha picha ya Zaburi 130 yenye "T 14:20". Hakuhitaji miwani.

"Hiyo ni tonikei, mwanangu. Mkanda wa kubana juu ya jeraha, damu isimwagike. Saa nane na dakika ishirini mchana ndipo ulipofungwa."

Akanieleza. Mkanda ule huokoa uhai na huweza kuua kiungo. Ukikaa zaidi ya saa mbili hivi, mguu wenyewe unaanza kuwa hatarini, kwa hiyo saa ya kuufunga lazima ijulikane na kila atakayempokea majeruhi. Karatasi hupotea, majeruhi huzimia, lakini paji la uso halipotei. Waliandika T na saa kwenye paji la uso, kwa kalamu yoyote iliyopatikana. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliniangalia paji la uso kwanza.

"Na M?"

"Mofini."

Saa tisa na dakika tano usiku. Hii nayo waliiandika usoni, kwa sababu mtu aliyepoteza damu nyingi, mwili umepoa, damu haizunguki vizuri kwenye misuli. Unamchoma sindano, maumivu hayapungui, unamchoma ya pili. Dawa zote mbili zimekaa palepale zilipoingia. Akipata joto na damu ikianza kuzunguka, zinaingia kwa mkupuo, na mtu mliyemwokoa anaacha kupumua mikononi mwenu. Aliyefika baadaye alipaswa kujua nani ameshapewa na saa ngapi.

Aya yangu nzuri ya Mithali 3:5 nimeifuta. Kwa nini Baba aliihamishia saa ya mofini pembeni ya zaburi isemayo kwamba Yeye alindaye hasinzii wala halali, hilo halihitaji aya.

Nikauliza juu ya bastola. Nilitarajia ataniambia haikuwa na risasi.

"Alikuwa nayo na alijua kuitumia. Usimfanye malaika, mwanangu, utatuharibia mtu wetu." Kisha akaongeza, "Alikuwa mkali. Bendeji ikiwa imefungwa vibaya alikurushia. Aliniadhibu siku mbili kwa sababu niliandika saa kwa kukisia."

Halafu akasimulia habari ya kadi. Majeruhi wakija wengi kwa mpigo, wanagawanywa: nyekundu ni wa sasa hivi, njano anaweza kusubiri, kijani anatembea mwenyewe, na nyeusi ni aliyekufa au ambaye mikono na damu iliyopo haitoshi kumwokoa bila kuwapoteza wengine watatu. Wazo hili ni la zamani. Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, ndiye anayesifiwa kwa kuanza kuwapanga majeruhi kwa uzito wa jeraha bila kujali cheo. Mkataba wa 1949 nao, ibara ya 12, unasema ni sababu za dharura za kitabibu pekee zinazoruhusu mmoja kutangulizwa mbele ya mwingine. Kwa hiyo adui mwenye kadi nyekundu humtangulia ofisa wako mwenye kadi ya njano. Mzee anasema aliliona hilo likitokea, na ofisa yule alimtukana Baba matusi ambayo hawezi kuyarudia mbele yangu.

"Akajibu nini?"

"Akamwambia, 'Anayelia anapumua.' Akaendelea."

Nilishtuka, kwa sababu sentensi hiyo naijua. Nilikuwa na miaka 7, nimeanguka na kaka kutoka kwenye mti, goti langu limepasuka na napiga kelele mtaa mzima. Kaka alikuwa amekaa kimya, ameshika tumbo. Baba akanipita. "Anayelia anapumua," akasema, akapiga magoti kwa kaka. Nilimchukia kwa sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ilikuwa triaji, ule mgawanyo wa kadi.

Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema la mwisho. Aliyekuwa akitoa kadi nyeusi ni Baba mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Nyekundu zikishaisha, na zilichukua saa nyingi, alivua glavu akaenda upande wa nyeusi. Waliokuwa bado wana pumzi aliwapigia magoti mmojammoja. Kwa wengine padre alikuwa ameshatangulia. Wengine hawakuwa Wakristo, na kwao alishika mkono tu, midomo imefungwa. "Nilimwuliza siku moja anawaambia nini. Akaniambia, 'Nawauliza majina.'"

Wiki ya 6

Madaftari. Nilikuwa nimeyaahirisha nikidhani ndiyo kazi nyepesi.

Kila ukurasa una safu: jina, cheo, saa, jeraha, alichopewa, alikopelekwa. Mwisho wa mstari kuna mshale au msalaba mdogo. Mshale ni aliyesafirishwa kwenda hospitali ya nyuma. Nimechukua misalaba ya daftari la kwanza nikalinganisha na herufi za kwenye Zaburi. Zinalingana, moja kwa moja. Herufi "Hj.", ambayo nilikuwa nimeitafutia ukoo, imo mara tatu na ni "hajulikani".

Kwa hiyo zile zaburi hazikuwa zake. Zilikuwa zimegawiwa, kila moja na mtu wake.

Nilipiga picha kurasa 4, kisha nikaacha, nikazifuta. Nimewaita kaka na dada, tumebishana kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku, na naandika pande zote kwa sababu bado sina hakika kwamba mimi ndiye niko sahihi.

Kaka: ni historia ya Baba, ndiyo kitovu cha kitabu, na hao watu walishakufa zamani.

Mimi: mwaka 1948 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Tamko la Geneva, kiapo cha kisasa cha madaktari, chenye ahadi ya kutunza siri za wagonjwa. Mwaka 1968 ahadi hiyo iliongezewa maneno: hata baada ya mgonjwa kufa. Baba alikuwa ameapa. Hatuwezi kuchapisha matumbo ya vijana wa watu, na majina yao juu yake, kwa sababu mwandiko ni wa baba yetu.

Dada, ambaye husema machache: "Na mama zao? Kuna mama huko hakuambiwa saa ya mwanawe. Ipo hapa. Ninyi mnazungumzia kiapo."

Sina jibu la hilo. Nimelifikiria siku nne. Nimekuta siwezi kusema amekosea. Naweza kusema tu kwamba kumtafuta mama mmoja na kumpa mstari wake mmoja ni kazi moja, na kuyachapisha madaftari ni kazi nyingine, na sisi tulikuwa tukikusudia ya pili.

Mama alikuwa jikoni muda wote huo. Alipoingia kuzima taa alisema, "Baba yenu hakunyamaza kwa kukosa la kusema," akaenda kulala.

Uamuzi wa sasa: madaftari hayapigwi picha, isipokuwa majalada na kurasa 5 zisizo na wagonjwa (rasimu ya mahubiri, hesabu ya bendeji, barua kwa Mama isiyomalizika ambayo ameomba arudishiwe). Yatafungwa kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, na yatabaki sandukuni. Ndugu wa marehemu yeyote akija kuuliza, tutafungua pamoja naye. Dada hajakubali. Naandika hajakubali.

Kitabu kimepungua kutoka kurasa 60 hadi, kwa makadirio, 25.

Wiki ya 7

Albamu. Ni ile aina ya kurasa zenye gundi na plastiki juu, inayoua picha polepole. Kuzibandua kwa kucha ni kuzivunja. Unapitisha uzi wa kusafishia meno, usio na nta, chini ya picha, unausogeza kama msumeno. Picha 83 zimetoka, moja imechanika pembeni. Nyingi ni za sisi watoto tukiwa tumesimama kwa mstari, warefu nyuma. Ibada ya jioni ilianza saa moja na nusu kamili. Aliyechelewa alisali akiwa mlangoni. Kuna picha moja niko mlangoni.

Wiki ya 8

Kaseti. Baba alipokuwa mbali hakuandika barua ndefu, alirekodi. Kila kaseti ni salamu, maswali ya shule, usomaji wa sura moja, sala. Mama alituwekea baada ya chakula.

Kazi kabla ya kucheza: nimesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti safi na pamba, nikaikimbiza kila kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ulioshikana kwa miaka ulegee kabla ya kuvutwa kwa kazi. Kaseti ya 2 imepoteza kile kipande kidogo cha sufu kinachousukuma utepe uguse kichwa. Bila hicho sauti inakuwa kama ya mtu aliye chini ya maji. Nimefungua skrubu tano za kaseti tupu nikauhamishia utepe humo. Mikono ilitetemeka. Narekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 96. Kaseti za dakika 60 zimekaa vizuri. Za dakika 90 utepe wake ni mwembamba zaidi na mbili zimejikunja.

Sauti yake ni nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa.

Kaseti ya 4, upande B. Anamaliza salamu, anamwambia kaka apunguze ubishi, anasoma Zaburi 130, anasali, anasema amina. Kisha kinasikika kiti. Hakuizima mashine. Ama alisahau, ama alidhani amebonyeza. Kuna mngurumo wa jenereta, na nyuma yake, mbali na maikrofoni, sauti yake tena, chini sana, ikienda kwa vipande vifupi. Kipande, kimya, kipande, kimya. Dakika 11 mpaka utepe unakwisha.

Programu ninayotumia inaweza kuchukua sampuli ya mngurumo na kuuondoa, kisha kuinua kilichobaki. Nilifanya hivyo kwa sekunde 20. Mngurumo ukashuka, na nikasikia jina la kwanza na la pili la mtu, wazi kabisa, kama limesemwa chumbani. Nililijua. Lilikuwa kwenye kurasa nne nilizozifuta.

Nimetendua hatua ile na kuifunga programu. Faili inabaki na mngurumo wake.

Wiki ya 9, Jumamosi usiku

Mama ameomba kusikia kaseti. Nilimwekea ya 1 na ya 3, akatabasamu pale Baba anaposahau siku ya kuzaliwa ya dada. Nikamwambia ya 4 ina sehemu ambayo sijaisafisha na sitaisafisha. Akasema niiweke.

Tuliisikiliza yote. Ilipofika amina nikanyosha mkono kuizima, akaushika. Jenereta ikanguruma. Mama hakuinamisha kichwa wala kufumba macho. Alikuwa ameweka mkono wa kushoto juu ya meza, na kila kipande kile kidogo cha sauti kilipopita alikunja kidole. Mkono ulipojaa aliufungua akaanza tena. Majina hayasikiki, nina hakika, nimejaribu kwa masikio mazuri kuliko yake.

Utepe ukaisha.

"Hapo walikuwa kumi na wanne tu," akasema. "Baadaye waliongezeka. Alipostaafu ilikuwa inachukua karibu saa nzima, mkiwa mmelala."

Nilimwuliza kama alimtajia majina.

"Hapana. Nilikuwa nahesabu, ili nijue lini nizime taa."

Kaseti_04_B: imehifadhiwa nzima, nakala tatu, bila kusafishwa. Nakala ya familia inaishia kwenye amina ya kwanza. Kesho kaseti ya 5.